Mpelelezi aliyeuza mlango wa nyuma

Saa mbili kasoro robo asubuhi, gari dogo la rangi ya majivu limeegeshwa mkabala na bohari ya vifaa vya ujenzi. Ndani yake mwanamke wa miaka hamsini na nne ameshika gazeti analojifanya kusoma. Ukurasa haujageuzwa kwa saa nzima. Kwenye kiti cha nyuma kuna vitambaa viwili vya kichwa, cheusi na cha maua, vya kubadilisha endapo mtu ataanza kumzoea.

"Maji usinipe," anamwambia mwandishi wa makala hii, aliyemnyooshea chupa kwa heshima zote. "Ukinywa maji kazini utatafuta choo, na ukienda choo ndipo mtu wako anapotoka. Nilishapoteza siku tatu za kazi kwa kikombe kimoja cha chai."

Anayesubiriwa ni mpakia mizigo aliyelieleza shirika la bima kwamba mgongo wake umekufa na hawezi kuinua hata mtoto. Saa mbili na dakika kumi anatokea, anapiga miayo, anabeba mfuko wa saruji begani, anarudi kuchukua wa pili. Simu iliyofichwa ndani ya gazeti inapiga picha nane.

"Mgongo umefufuka," mama anasema, bila furaha yoyote, na kuandika saa kwenye kijitabu. "Nusu ya kazi yangu ndiyo hii. Maskini anamdanganya tajiri, tajiri ananituma nimuumbue maskini. Halafu watu wananiuliza kwa nini nimekunja uso."

Makarani wa mahakama humwita Mama Faili, kwa sababu kwapani hakosi faili. Ana leseni ya upelelezi binafsi kwa mwaka wa kumi na saba sasa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa madai kwenye shirika la bima, akasoma uongo wa watu kwa miaka kumi na moja mpaka akaona heri aufuate huko huko unakopikwa.

Wanaodhani kazi hii ni ya koti refu na miwani ya jua wangekaa naye siku moja tu. Kwa wiki hukaa ndani ya gari saa thelathini, injini imezimwa, vioo vimepandishwa. Magoti yamekwisha. Ameshafukuzwa na mbwa mara sita, na bibi harusi mara moja.

Ofisi yake ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili anakaa mume wake, fundi saa, mtu mpole mwenye maneno machache yaliyochongoka. "Wanaume wenzangu wakichelewa kurudi nyumbani huulizwa walikuwa wapi," anasema. "Mimi huambiwa nilikuwa wapi."

Lakini jina la Mama Faili halikujengwa na migongo ya uongo. Lilijengwa na kutafuta watu: mashahidi waliopotea, kina baba waliokimbia watoto, ndugu waliopoteana. Kwa hesabu yake ametafuta watu mia nne na thelathini na mmoja, na ambao hakuwapata ni tisa tu. Zamani alipenda kutajiwa hesabu hiyo, siku hizi ukiitaja anauma meno.

Tukiwa bado garini simu inaita. Anaweka sauti nje ili mwandishi asikie. Ni mwanamume mwenye sauti ya adabu, anamtafuta dada yake aliyeondoka nyumbani mwaka jana.

"Sawa, baba," Mama Faili anamjibu. "Nikimpata nitamfuata yeye kwanza. Nitamwambia nani anamtafuta. Akikubali, nitakuletea anwani. Akikataa, nitakuletea neno moja tu, kwamba yu hai."

"Lakini mama, si mimi ndiye ninayekulipa?"

"Unalipia miguu yangu. Yeye simuuzi."

Simu inakatwa. "Huyo ni wa tatu mwezi huu," anasema. "Kama ni dada yako kweli, unamtafuta hata kwa sharti. Huyo sijui alikuwa anamtafuta nani."

Sharti hilo halikuwepo mwanzoni mwa mwaka jana. Lingekuwepo, mwanamke mmoja mfuaji wa nguo za hospitali angekuwa bado anatafuna chakula kwa meno yake yote.

Mteja aliyeanzisha balaa hilo aliingia ofisini asubuhi moja amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa, akalia. Anamtafuta dada yake, alisema; mama yao mzazi yuko kitandani, anamlilia kitinda mimba wake huyo. Dada huyo aligombana na familia akaondoka bila kuaga. Alileta picha na maelezo: ana pumu, hutumia dawa ya kuvuta ya aina moja tu, anavaa kiatu namba thelathini na saba, hulala taa ikiwaka.

"Kaka gani anajua kwamba dada yake mtu mzima hulala taa ikiwaka?" Mama Faili anauliza, na kiganja chake kinapiga usukani. "Na ile picha ilikuwa imekatwa upande mmoja kwa mkasi. Begani kwa yule binti kulikuwa na vidole vinne vya mwanamume. Niliviona. Nilivihesabu. Kazi yangu ni kuona, siyo? Nikaona dawa ya pumu, nikasema moyoni, hapa ndipo pa kuanzia. Vidole nikavipita."

Huo ndio ugonjwa wa kazi hii, na lazima usemwe bila kumung'unya maneno. Mpelelezi akipewa picha ya mtu anatafuta ndani yake njia ya kumfikia. Haangalii kwa nini mtu huyo aliondoka. Wapelelezi wanne walioongea na gazeti hili walikiri kwamba hawajawahi kumuuliza mtu wanayemtafuta kama anataka kupatikana. Wa tano alilicheka swali lenyewe.

Mama Faili alimpata mwanamke huyo kwa siku kumi na moja. Alizunguka maduka ya dawa ya miji minne akijifanya ana mdogo wake mwenye pumu, akiuliza kama kuna mwingine anayenunua dawa hiyo hiyo ili waagiziwe pamoja bei ipungue. Katika mji wa nne, muuza dawa, kwa wema wake, alisema yupo, mfuaji wa pale hospitali. Kesho yake Mama Faili alimfuata mfuaji huyo kutoka kazini mpaka kwenye nyumba ndogo yenye mlango wa kijani.

Bado alitaka kuwa na hakika, kwa hiyo alibisha hodi akajifanya anatafuta chumba cha kupanga.

"Alinifungulia mwenyewe," anasimulia. "Karibu mama, pole na jua. Akanipa kiti, akanipa maji. Akanionyesha nyumba nzima. Akaniambia, mama, chumba cha pembeni kipo, lakini usikubali kuhamia kabla mwenye nyumba hajatengeneza komeo la mlango wa nyuma. Mimi nimemwambia mara tatu, halifungi. Alikuwa ananihurumia. Mimi, mwongo niliyekaa kwenye kiti chake, alikuwa ananikinga mimi."

Ripoti aliyoiandika ina kurasa nne, na mwandishi ameisoma. Ni kazi safi, na usafi wake unatia kichefuchefu. "Hutoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hurudi saa kumi na dakika arobaini alasiri. Anaishi peke yake. Mlango wa mbele una kufuli mbili. Komeo la mlango wa nyuma halifungi."

"Hakuna aliyeniuliza habari za komeo," Mama Faili anasema. "Niliandika kwa majivuno tu. Nilitaka mteja aone kwamba mimi si mpelelezi wa kubabaisha."

Mteja alipokuja kuchukua ripoti, alifanya kile ambacho kila mteja wa ofisi hiyo hutakiwa kufanya: aliandika jina kwenye daftari la kupokelea, kisha akachovya dole gumba kwenye wino na kulibonyeza pembeni ya jina. Mama Faili alianzisha utaratibu huo zamani, baada ya mke mmoja kuchukua picha za mumewe, kuzichana, na kukana mbele ya wakwe kwamba hajawahi kupewa chochote. Wapelelezi wenzake humcheka, wanasema anaendesha kituo cha kupigia kura. Yule bwana alibonyeza, akafuta kidole kwa leso, akashukuru sana, akapewa risiti.

Risiti, jamani. Ya mlango wa nyuma wa mtu.

Siku tisa baadaye mfuaji alirudi kutoka kazini saa yake ile ile, akafungua kufuli zake mbili, akamkuta mume ambaye yeye alikuwa amemkimbia amekaa ndani anamsubiri. Alimvunja mkono mahali pawili. Alimvunja taya. Jirani aliyesikia kishindo aliingia kwa kupitia mlango huo huo wa nyuma, na ndiyo sababu mwanamke huyo yu hai.

Mama Faili alikuta habari hiyo kwenye ukurasa wa tano wa gazeti, akiwa kwenye foleni ya benki. Kulikuwa na picha ya nyumba. Aliutambua mlango wa kijani kabla hajasoma neno hata moja. Anasema aliketi chini, pale pale sakafuni, na mlinzi akamletea kiti.

Mwandishi alimuuliza kwa nini hakwenda polisi siku ile ile. Hakutafuta maneno matamu. "Niliogopa," alisema. "Leseni, jina, kila kitu. Nilifungia daftari kwenye droo ya mume wangu, ile ya saa mbovu, nikajiambia polisi watajua wenyewe. Siku arobaini na moja. Nilikula, nikalala, nikaenda kazini. Andika hivyo hivyo, usinipake mafuta."

Siku ya arobaini na mbili gazeti lilileta jipya. Mtuhumiwa alikuwa amepewa dhamana. Utetezi wake ulikuwa mwepesi: mke wangu alinipigia simu mwenyewe tupatane, akanielekeza nyumba, akaniachia mlango wa nyuma wazi, kisha akateleza kwenye ngazi. Mlango kweli haukuwa umevunjwa. Na kama hakuelekezwa na mkewe, alielekezwa na nani? Polisi hawakuwa na jibu. Hata baadhi ya ndugu wa yule mwanamke walianza kumnong'oneza aseme tu ukweli kama alimwita.

"Hapo ndipo damu iliponichemka," Mama Faili anasema, na kwa mara ya kwanza anapandisha sauti. "Amemvunja taya, taya lenyewe halijapona, anamwita mwongo. Na watu wanakubali. Jibu lote liko kwenye droo yangu, na mimi nimekaa nakoroga chai."

Fundi saa anakumbuka asubuhi hiyo. "Sikumwambia aende," anasema kutoka upande wake wa pazia, jicho likiwa kwenye kioo cha kazi. "Nililitoa daftari nikamwekea mezani. Viatu vyake nikaviweka karibu."

Alikwenda. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba anajitia kitanzi mwenyewe. Jina lililokuwa kwenye daftari lilikuwa la kubuni, lakini kidole kilikuwa cha mwenyewe, na mtaalamu wa alama za vidole alilithibitisha hilo.

Ungedhani wenzake wangempigia makofi. Wiki moja baadaye mwenyekiti wa chama chao cha wapelelezi alimtembelea ofisini, akakataa kukaa. Kwa maelezo ya Mama Faili, ambayo mumewe aliyasikia yote kupitia pazia, mwenyekiti alisema: "Dada yangu, siri ya mteja ndiyo mtaji wetu sote. Ukifungua daftari hilo mahakamani, nani atakuja tena? Madaftari huingia maji. Panya nao wapo."

"Nikamwambia panya wapo kweli, na mmoja amesimama mbele yangu," Mama Faili anasema.

Chama kimemshitaki kwenye mamlaka ya leseni kwa kosa la kuvujisha siri ya mteja. Si kwa kumuuza mwanamke, la hasha. Kwa hilo hakuna kanuni. Mwandishi alipompigia mwenyekiti, alijibiwa kwamba chama hakizungumzii mashauri ya wanachama. Kazi za Mama Faili zimeshuka kutoka nane kwa mwezi hadi mbili, na mojawapo ni ya yule mpakia mizigo.

Mwandishi ameiona fomu ya kuombea leseni hiyo. Ina maswali ishirini na sita. Inataka kujua urefu wa mwombaji, idadi ya picha zake, kama amewahi kuugua macho. Haina hata swali moja linalomhusu mtu anayekwenda kutafutwa. Walioiandika wana ofisi, wana viti vya kuzunguka, na wanalala usingizi mzuri.

Baada ya kutoka hospitali mfuaji alihama. Mama Faili hajui alipo, na kwa mtu wa kazi yake hilo si jambo dogo.

"Ningempata kwa siku nne," anasema. "Labda tano, kwa sababu ya magoti. Dawa yake naijua, kazi yake naijua, namba ya kiatu naijua. Kila siku natamani kumwomba radhi. Lakini ili nimwombe radhi lazima nimtafute. Kwa hiyo sitamwomba."

Kesi iliahirishwa mara tano. Mara tano Mama Faili alivaa gauni lile lile la kijivu, mara tano akarudishwa nyumbani. Muda wote huo mshitakiwa alikuwa huru, na kila mahali alirudia kwamba aliitwa.

Alhamisi saa nne asubuhi, siku mbili baada ya zile picha za bohari, Mama Faili anapanda kizimba cha mashahidi. Feni ya darini inalia. Mshitakiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mfuaji amekaa benchi la mbele, mwembamba, kitambaa kimefungwa mpaka chini ya kidevu, na Mama Faili, ambaye riziki yake ni kutazama watu, hamtazami.

Mwendesha mashitaka anauliza swali moja lililosubiriwa mwaka mzima na zaidi: nani alimwambia mshitakiwa mahali mkewe anapoishi?

"Mimi," anajibu. "Na nilimwandikia habari za komeo."

Ripoti inasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari. Inapofika kwenye mlango wa nyuma, mtu mmoja kwenye mabenchi anaguna. Kisha wakili wa utetezi anasimama, na ni mtu anayejua kazi yake.

"Shahidi, katika kazi zako huwa unadanganya watu?"

"Kila siku."

"Ulimdanganya huyu mama kwamba unatafuta chumba?"

"Nilimdanganya, na alinikaribisha."

"Ulikaa na jambo hili siku arobaini na moja?"

"Arobaini na moja. Ya arobaini na mbili ndiyo niliyokuja."

"Basi kwa nini mahakama imwamini leo mtu wa namna hiyo?"

"Msiniamini mimi," anasema. "Angalieni kidole."

Wakili anaketi. Mshitakiwa, ambaye asubuhi nzima alikuwa akitabasamu, ameweka mikono chini ya meza. Hakimu anaandika kwa muda mrefu, kisha anafuta dhamana mpaka siku ya hukumu, mwezi ujao. Polisi wawili wanamtoa kwa mlango wa pembeni. Anapopita karibu na benchi la mbele anamwangalia mkewe, na mkewe anamwangalia pia, mpaka mlango unafungwa.

Korido ya mahakama ni nyembamba, na hakuna pa kukwepana. Mfuaji anatoka akiwa na ofisa wa kike wa ustawi wa jamii. Anasimama mbele ya Mama Faili. Maneno yanamtoka polepole, kwa sababu ya taya.

"Sijakusamehe," anasema.

"Najua, mwanangu."

"Lakini umesema."

Anakaza kitambaa chini ya kidevu, anaondoka na yule ofisa.

Tarehe ishirini Mama Faili ataitwa mbele ya mamlaka ya leseni. Amejiandaa. Atapeleka fomu yao yenye maswali ishirini na sita, ambayo ameongeza la ishirini na saba kwa mkono wake: je, mtu unayemtafuta ameulizwa? Wakimnyang'anya leseni, anasema, atakwenda mji hadi mji na kila mpelelezi atalisikia swali hilo akiwa amekaa ofisini kwake. "Ujuzi wa kuwatafuta ninao," anasema. "Wao hawatanishinda kujificha."

Anayasema hayo akiwa ameelekea ukutani. Mara tu mfuaji alipoanza kuondoka, Mama Faili aligeuka, akasimama uso karibu na rangi iliyobambuka, kama mtoto aliyepewa adhabu darasani. Makarani wanaomjua wanapita wakimshangaa. Nyuma yake viatu vya wanawake wawili vinakwenda mpaka mwisho wa korido, vinasita, vinakunja kona, havisikiki tena.

"Ameshaondoka?" anauliza.

Mwandishi anamjibu kwamba ameshaondoka.

"Usiniambie ameelekea wapi," anasema, bado hajageuka. "Natumaini sitamwona tena mpaka nakufa."